Kujifunza ukubwani Lubumbashi: nani analipa?

Elimu haina mwisho: hapa Lubumbashi, mji wa migodi kusini mwa Kongo, tunaisikia kauli hiyo kanisani, kwenye mahafali na redioni. Sina ugomvi nayo. Ninachotilia shaka ni kumjibu kwayo mtu wa miaka 50 aliyepoteza kazi.

Mji huu umeshaijaribu kauli hiyo kwa ukali. Gécamines, kampuni ya Serikali iliyorithi migodi ya Union Minière, kampuni ya wakoloni wa Ubelgiji, ilikuwa baba na mama: mshahara, unga wa bukari (ugali), hospitali, shule ya watoto. Katikati ya miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Kufikia 1994, chini ya 50,000. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango ulioitwa wa hiari. (Mtu hajaona mshahara miezi na miezi, haya, tuiite hiari.)

Wanaosema mtu hakui akaacha kujifunza wana hoja nzito hapa. Mtu wa tanuru aliyezoea king'ora cha zamu alishika jembe, akajua majira ya mahindi na bei ya mbolea. Mara nyingi mwalimu alikuwa mkewe, aliyeanza kuuza makaa na samaki wa Kasenga kabla mshahara haujakauka kabisa. Mume aliyekuwa akileta bahasha nyumbani akawa anamuuliza mke bei ipangwe vipi. Kwangu hilo ndilo somo gumu kuliko yote, maana lilimgusa heshima yake. Na mama mfanyabiashara wa Kasumbalesa, mpakani na Zambia? Anapiga hesabu za dola, faranga na kwacha kichwani huku akibishana na watu wa forodha. Anayedai akili ya mtu mzima imeganda hajasimama mpakani pale.

Lakini hao ndio tunaowaona. Wengine walitia fedha za kuondokea katika biashara wasiyoijua, zikaisha wakiwa bado wanajifunza. Kosa la mwanafunzi wa miaka 12 humpunguzia alama. Kosa la baba wa watoto sita huondoka na karo yao.

Kisha kuna karatasi. Mlango upo: mtu mzima aliyejisomea anaweza kufanya Exetat, mtihani wa Serikali ulioanza 1967, kama otodidakti, akifaulu kwanza jaribio la awali. Nauheshimu mlango huo. Ila ni mtihani wa Kifaransa na wa masomo ya darasani. Haupimi alichojua mchomelea vyuma wa mtaa wa Katuba kwa miaka 20. Kazi ikitangazwa kwa sharti la diploma, hata mlangoni hafiki.

Kwa hiyo naona wanaosema elimu haina mwisho wamemwelewa binadamu, wanaowatilia shaka wameelewa gharama. Zamani gharama hiyo aliibeba mwajiri. Union Minière, ilipoanza miaka ya 1920 kuwaweka wafanyakazi pamoja na familia zao, iliwafundisha kwa sababu ilihitaji mikono yenye ujuzi; hisani haikuwepo, na ilifundisha kile tu ilichokihitaji yenyewe. Leo mtu anajilipia kozi ya umeme au kompyuta kabla hajaitwa popote, na akiitwa huenda ni mkataba mfupi kupitia kampuni ya kati. Wachimbaji wakubwa wa sasa wangeweza kuanza na jambo dogo: wampe chuma na moto yule mchomelea vyuma wa Katuba, waangalie kazi yake badala ya kumdai cheti, na siku hizo za majaribio wamlipe.