Namba Bila Datumu Zimetupeleka Shamba la Jirani

Wiki iliyopita nilimsindikiza mjomba wangu kwenye shamba lake la mikorosho, nje kidogo ya Naliendele, Mtwara, kutafuta bikoni ya kona, yaani alama ya zege inayoonyesha mpaka. Kijana aliyetusaidia alinakili majiranukta, zile namba ndefu za mita, kutoka katika ramani ya upimaji ya zamani, akaziingiza kwenye simu, nasi tukaifuata nukta hadi katikati ya mikorosho ya mtu mwingine. Mwenye shamba alitoka na panga mkononi kutuuliza tunapima nini, na alikuwa na haki ya kuuliza. Mjomba akasema kwa upole, "Mpwa wangu, bikoni hiyo niliiona ikichimbiwa, na si huku." Akatuongoza kusini kwa mwendo mrefu, tukakata kidogo kuelekea mashariki, akafyeka majani makavu, ikaonekana nondo yenye kutu katikati ya zege.

Simu haikuharibika, wala mpima ardhi wa zamani hakukosea. Ramani ile ilichorwa kwa datumu, yaani msingi wa kuhesabia majiranukta, iitwayo Arc 1960, inayotumia duaradufu (umbo la tufe lililobonyea) aliyoikokotoa Mwingereza Alexander Ross Clarke mwaka 1880, ilhali simu inatumia WGS84, datumu ya GPS, ambayo kitovu chake kimewekwa kwenye kitovu cha uzito wa dunia. Dunia imebonyea kwenye ncha, hata nusu kipenyo cha ikweta kinazidi cha ncha kwa kilomita 21 hivi. Kila datumu huchagua duaradufu yake ya kuwakilisha umbo hilo na mahali pa kuiweka. Kwa hiyo namba zilezile za mita, zikihamishwa bila kubadilishwa, hapa kwetu huangukia takriban mita 300 kaskazini na mita 90 hivi magharibi ya mahali zinapostahili. Katika nchi ya mikorosho, mita 300 ni mashamba ya watu wengine, ni ugomvi wa koo, ni kesi ya baraza la ardhi inayomaliza akiba ya msimu mzima.

Kimo nacho kina mkasa wake: pale ufukweni Shangani, Mtwara, kipimo cha setilaiti kisichosahihishwa kitakuonyesha uko zaidi ya mita 20 chini ya bahari, kwa kuwa setilaiti hupima kimo kutoka kwenye duaradufu, na usawa wa bahari na duaradufu ni vitu viwili.

Nakubali kwamba anayetafuta duka mjini hahitaji haya yote. Lakini anayemnakilia mkulima mpaka wa urithi wake bila kuandika datumu amempa nusu ya anwani, na hilo linaniuma, kwa sababu maneno yanayokosekana hayazidi mstari mmoja.

Kabla ya kuondoka nilichukua kalamu, nikaandika juu ya nakala ya mjomba datumu na kanda ya ramani ambamo namba zile zinahesabiwa: "Arc 1960, kanda ya 37 kusini." Akaisoma mara mbili, akaikunja, akairudisha katika mfuko wake wa nailoni pamoja na stakabadhi za korosho.