Theluji ya Pamba Haimfai Mtoto wa Tabata

Mwezi wa kwanza, joto la Dar limekaza mpaka feni inapuliza moto, mke wangu akanipa simu nitazame. Kuna mama kajaza pamba kwenye boksi, katia na vidoli vya dubu weupe, na mtoto wake wa miaka miwili anachimbua humo. Eti mchezo wa majira ya baridi. Nikamgeukia wa kwetu: yuko na nepi tu, kalala kifudifudi, shavu limegandana na sakafu, anatafuta ubaridi wa saruji. Huyu dubu wa barafuni atamjulia wapi?

Sina ugomvi na michezo ya kugusa, kunusa na kusikiliza. Mtoto wa umri huo anaielewa dunia kwa viganja na mdomo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linataka mtoto wa mwaka mmoja mpaka minne apate angalau dakika 180 za kuchangamsha mwili kila siku. Skrini kwa wa mwaka mmoja halishauri kabisa, na kwa wa miwili isizidi saa moja. Dakika 180 ni nyingi ukiwa umepanga vyumba viwili. Ninachogombana nacho ni kuazima msimu wa watu wakati wetu uko mlangoni, na haudai hata senti.

Kiangazi kazi yake ni maji. Beseni kivulini, kikombe cha plastiki, chujio la chai na dodoki. Dodoki nililitia bila kufikiri, kumbe ndilo lililoteka mchezo. Likiwa kavu linamkwaruza, anakunja uso. Likilowa linalainika na kuwa zito, analikamulia tumboni kwake na kucheka. Kesho yake analikuta limekauka tena, gumu kama jana, ananitazama kama mimi ndiye niliyemfanyia hila. Hilo peke yake limetupa wiki nzima. Siku nyingine nagandisha vijani vya mchaichai kwenye barafu kubwa la bakuli, anabaki kulifukuza kwenye sinia mpaka liyeyuke na mikono inukie chai.

Sharti moja halina mjadala: sinyanyuki pale, simu iite mpaka ichoke. Maji ya kina cha sentimita chache yanatosha kumzamisha mtoto mdogo. Tukimaliza, beseni linamwagwa saa ileile.

Masika ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema mwache mtoto aruke kwenye madimbwi. Madimbwi yapi? Anayekaa Dar anajua mvua kubwa ikishuka kuna watu wanafungulia vyoo vyao. Yale maji si ya mguu wa mtoto. Mimi nasubiri mvua ya kwanza ioshe bati, halafu zinazofuata napanga vyombo chini ya mchirizi: sufuria, kopo la maziwa, ndoo ya plastiki, kifuu cha nazi kilichopinduliwa. Kila kimoja kina mlio wake. Mwanangu anasimama mlangoni, anakisogeza kifuu kwa kidole cha mguu, mlio unabadilika, anakirudisha. Mvua ikikatika usiku, kumbikumbi wanajazana kwenye taa, na asubuhi anaokota mabawa yao yaliyopukutika sakafuni, yanamnasa vidoleni, hayataki kutoka.

Tope pia tunacheza, ila la ile kona ambayo kuku hawafiki, na sabuni inamsubiri bombani. Dawa za minyoo kliniki wanampa, nami sizikosi, maana sijidanganyi kwamba udongo wote unaishia mikononi.

Halafu kuna embe. Kuanzia mwezi wa kumi na moja hivi, embe za kienyeji zenye nyuzi, zile ambazo mtu mzima anazikimbia kwa sababu ya meno, kwa mtoto ni sherehe. Anakula, anajipaka, ananata, nyuki wanamfuata. Kokwa tunaliosha na kulianika juani siku mbili tatu, linaota nywele za dhahabu. Nikampa mswaki wa zamani. Akakaa kulichana lile kokwa nusu saa, taratibu, kwa upole ambao mimi sijawahi kuuona anapomshika paka.

Kipupwe mama yangu huja kutoka Muheza na kiroba cha machungwa. Anamenya ganda refu lisilokatika, mjukuu anajivisha shingoni. Ni yeye aliyeniuliza mwaka jana, baada ya kukuta mtoto amefungiwa ndani na katuni: "Baba, huyu mtoto mnamlea au mnamhifadhi?" Nikakosa jibu.

Huyohuyo mama ndiye aliyenikataza kuchezea mchele. Mtandaoni wanaupaka rangi kilo kwa kilo na kuumwaga kwenye beseni. Mama akasema chakula hakichezewi, basi nikajiona mjanja, nikaweka maharage. Dakika kumi hazikuisha, moja limo puani. Maharage yakipata unyevu yanavimba, kwa hiyo kulisubiri litoke lenyewe ni kujitafutia balaa. Tulikimbia zahanati. Nesi akamwambia mke wangu aweke mdomo juu ya mdomo wa mtoto na kupuliza kwa mkupuo mmoja, huku yeye ameziba ile tundu nyingine ya pua. Harage likaruka. Mimi nimesimama pale na viatu viwili visivyofanana.

Tangu siku hiyo kitu chochote kinachopenya kwenye lile duara la boksi linalobaki tishu ya chooni ikiisha hakichezewi nyumbani kwetu mpaka atimize miaka mitatu. Kokwa la embe halipenyi, nimelijaribu.

Lililobaki ni nguo. Wanaosifu michezo hii mara nyingi si wafuaji. Dada anayetusaidia nyumbani alinivumilia wiki mbili za maembe, kisha akaniletea fulana ya mtoto yenye madoa, akaitandaza mezani bila neno. Sasa mtoto anacheza akiwa na nepi tu, na Jumamosi beseni la kufulia ni langu.