Choi Baedal, Mas Oyama na filamu iliyotaka kumrudisha Korea

Mwaka 2004 mwongozaji Yang Yun-ho wa Korea Kusini alitoa filamu ya mapigano inayofahamika kimataifa kwa jina la Fighter in the Wind. Inasimulia ujana wa Choi Baedal, mtu ambaye wanakarate wengi duniani wanamjua zaidi kwa jina lake la Kijapani, Masutatsu Oyama, au kwa kifupi Mas Oyama, mwasisi wa mtindo wa karate uitwao Kyokushin. Kwa watazamaji wetu, ambao wengi wamezoea kuiita ya Kichina kila filamu ya ngumi na mateke inayotoka Asia ya Mashariki, inafaa kusema mapema kwamba humu suala la nani ni wa taifa gani ndilo kiini cha hadithi. Choi ni Mkorea, karate anayoipigania ni ya Japani, na waliotengeneza filamu ni Wakorea wanaomdai mtoto wao. Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga. Huyu alicheza ugenini akatunzwa huko huko, na filamu hii ni jitihada ya kwao kumtunza baada ya ngoma kwisha.

Mtu mwenyewe alizaliwa mwaka 1923 karibu na Gimje, kusini-magharibi mwa rasi ya Korea, wakati nchi hiyo ikiwa chini ya utawala wa Japani tangu 1910. Mwaka 1938 alivuka bahari kwenda Japani akitamani kuwa rubani. Vita vilipokwisha hakurudi. Alijifungia katika milima ya Minobu kufanya mazoezi ya upweke, akateremka, akafungua dojo lake, yaani ukumbi wa mazoezi, mjini Tokyo mwaka 1953, na mwaka 1964 akaunda chama cha kimataifa cha Kyokushin alichokiongoza mpaka alipofariki mwezi Aprili 1994. Filamu, iliyotokana na katuni ya Mkorea Bang Hak-gi, inaweka uzito wake wote katika miaka ya mwanzo. Tunamwona kijana mwoga aliyejaa ndoto za urubani, fedheha anayotiwa na Wajapani, mlima, kisha safari ya kuwafuata walimu wa karate mmoja baada ya mwingine hadi pambano la mwisho na Kato, mpinzani wake mkuu wa Kijapani. Yang Dong-geun, anayemwigiza Choi, hana uzuri wa sura wa stelingi wa kawaida, na hilo linaisaidia sana filamu, kwa sababu woga wa mhusika wake unaaminika.

Shutuma inayosikika haraka zaidi ni ya kutia chumvi. Ninaiona kuwa dhaifu kuliko inavyodhaniwa. Sehemu kubwa ya yale tunayoyajua kuhusu Oyama tumeyapata kwa Oyama mwenyewe, katika vitabu vyake na katika simulizi za wanafunzi wake. Yeye ndiye chanzo cha hesabu ya fahali 52 aliopambana nao kwa mikono mitupu, ambapo inasemekana watatu walikufa papo hapo na wengi wa waliobaki walivunjwa pembe. Kuanzia mwaka 1971 mwandishi Ikki Kajiwara aliyafanya maisha hayo katuni iliyopendwa mno Japani, na kati ya 1975 na 1977 Sonny Chiba, ambaye alikuwa mwanafunzi wa Oyama, aliigiza filamu tatu juu yake, moja ikiwa na dubu. Kwa hiyo Yang Yun-ho hakukuta historia safi akaichafua. Alikuta ngano iliyokwisha kukomaa, akaisimulia upya kwa lugha ya nchi nyingine, na kuitaka filamu yake iwe na ukweli ambao mhusika mwenyewe hakuwa mwangalifu nao ni kuibebesha mzigo usio wake.

Tena kuna jambo ambalo filamu hii inalirekebisha. Masimulizi ya Kijapani ya miaka ya 1970 yalimfanya Oyama shujaa wa Japani iliyoshindwa vitani, mtu wa kuirudishia nchi heshima kwa ngumi zake, na katika sura hiyo asili yake ya Kikorea haikuwa na nafasi. Yang Yun-ho anairudisha katikati. Wakati vita vinakwisha mwaka 1945 Wakorea waliokuwa Japani walifika karibu milioni mbili. Wengi walirudi kwao, lakini takriban 600,000 walibaki, na mwaka 1952, mkataba wa amani wa San Francisco ulipoanza kutumika, walivuliwa uraia wa Japani waliokuwa wamevikwa bila kuulizwa. Kabla ya hapo, mwaka 1940, utawala wa kikoloni ulikuwa umewasukuma Wakorea kuchukua majina ya Kijapani. Mtu aliyeishi ndani ya mambo hayo, akatwaa jina ambalo maandishi yake husomeka Masutatsu kwa Kijapani na Baedal kwa Kikorea, hawezi kueleweka kama ukoloni umefutwa katika maisha yake. Filamu inaonyesha dharau hiyo waziwazi, na mtazamaji asiyejua lolote kuhusu Wakorea wa Japani anaondoka akiwa amejua kitu.

Lakini ukishakubali hayo, inabidi uangalie jinsi dai lenyewe lilivyojengwa, na hapo ndipo ninapotofautiana na watetezi wa filamu. Mwalimu mwenye uzito katika hadithi ni Beom-su, Mkorea aliyemfundisha Choi mapigano tangu utotoni na ambaye wanakutana tena ugenini. Kwa masimulizi ya Oyama, mbegu yake ipo kweli: alisema alianza kujifunza akiwa na miaka tisa, katika shamba la dada yake huko Manchuria, kaskazini-mashariki mwa China, kwa mfanyakazi wa shamba hilo. Alikomaa, hata hivyo, mikononi mwa walimu wa karate huko Japani. Alisoma kwa Gichin Funakoshi, baba wa mtindo wa Shotokan, kisha akaingia katika mtindo mwingine, Goju-ryu, ambako mwalimu wake mkuu alikuwa So Nei Chu, Mkorea mwenzake aliyeishi Japani na aliyetoka mkoa mmoja naye. Filamu inayotafuta Mkorea wa kumweka nyuma ya mafanikio ya Choi ilikuwa na mtu wa kweli mlangoni, tena mtu mwenye kuvutia kuliko Beom-su, kwa kuwa alikuwa Mkorea aliyeifundisha karate ndani ya Japani yenyewe. Tatizo ni kwamba So Nei Chu anavuruga mstari. Akiingia yeye, haiwezekani tena kusema kwamba nguvu ya Choi ilitoka Korea na karate ya Wajapani ilikuwa kitu cha kushindwa.

Na karate yenyewe haikuwa mali rahisi hivyo ya Japani. Funakoshi alikuwa mtu wa Okinawa, kisiwa cha uliokuwa ufalme wa Ryukyu ambao Japani iliutwaa rasmi mwaka 1879, na ni mwaka 1922 tu ndipo alipokwenda kuionyesha sanaa hiyo Tokyo, akabaki kuifundisha. Kwa maneno mengine, kijana kutoka koloni alijifunza kwa mzee kutoka kisiwa kilichotwaliwa, na wote wawili walikuja kuhesabiwa miongoni mwa nguzo za utamaduni wa Kijapani. Hiyo ni hadithi kubwa kuliko ile ya Mkorea mmoja kuwaangusha Wajapani kumi. Filamu inaipita bila kugeuza shingo, ikamkabidhi Kato, mpinzani wa mwisho, dhamana ya kuwa karate yote na Japani yote kwa pamoja.

Watetezi watajibu kwamba si Wajapani wote waliochorwa kwa rangi moja, na hapo wana hoja. Yoko, anayeigizwa na Aya Hirayama, anapewa utu na mapenzi. Choi anamwokoa yeye Mjapani dhidi ya wanajeshi wa Marekani waliokalia nchi baada ya vita, na katika nchi iliyoshindwa kijana kutoka koloni anageuka kuwa mlinzi wa wanawake wa mtawala wake wa jana. Mapigano nayo yana heshima yake. Mengi ni mafupi, yanakwisha kwa pigo moja au mawili, na maumivu hayafichwi. Afadhali zaidi ni kisa cha mtu anayefia mikononi mwa Choi na kumwacha mjane na mtoto, kinachofuata simulizi ya zamani ya Oyama, kwa sababu hapo filamu inathubutu kuuliza mtu anapata nini kwa kuwa na nguvu kuliko wote. Kwa dakika hizo chache utaifa unakaa kando.

Kinachoumiza ni kwamba maswali magumu yanaanzia pale hadithi inapokoma. Choi huyu anayelilia Korea alioa Mjapani, na katika miaka ya 1960 akachukua uraia wa Japani. Baadaye alikuwa na familia nyingine Korea, na wana watatu huko. Mashindano ya kwanza ya dunia ya Kyokushin aliyaandaa Tokyo mwaka 1975, wala hakuwahi kuiita sanaa yake kwa jina jingine ila karate. Alipofariki, aliyetajwa kumrithi alikuwa Shokei Matsui, bingwa wa dunia wa mwaka 1987, ambaye naye ni wa asili ya Kikorea, na chama kikagawanyika kwa ugomvi wa urithi. Mtu kama huyo hakuchagua upande mmoja akamaliza. Aliishi kwenye fukwe mbili kwa wakati mmoja, na pengine ndivyo walivyoishi wengi wa wale 600,000 ambao hawakuwa na dojo wala jina.

Je, ni haki kuidai filamu ya mapigano yote hayo? Ningesema si haki, kama mwaka huo huo wa 2004 isingetoka filamu nyingine ya Song Hae-sung kuhusu Rikidozan, mpiganaji mieleka aliyezaliwa Korea kwa jina la Kim Sin-rak, akawa kipenzi cha Japani nzima huku akiificha asili yake, na akafa mwezi Desemba 1963 baada ya kuchomwa kisu. Filamu ile, iliyotengenezwa kwa ushirikiano wa nchi hizo mbili, inamfuata shujaa wake mpaka kwenye kiburi, ukatili na kuporomoka kwake. Haipendezi sana kuitazama, wala haina hata nusu ya msisimko wa mapambano ya Choi. Lakini inathibitisha kwamba soko lile lile, kwa watazamaji wale wale, liliweza kuubeba utata huo.

Kwa hiyo utetezi wa kwamba saa mbili hazitoshi haunishawishi. Fighter in the Wind inatumia muda mrefu kumpitisha Choi kutoka dojo moja hadi jingine, akiwashinda watu ambao hatuwakumbuki mara wanapoanguka, na mapambano mawili ya aina hiyo yangeweza kukatwa bila mtazamaji kulalamika. Nafasi hiyo ingetosha kumwonyesha So Nei Chu akimsahihisha kijana wa mkoani kwake namna ya kukunja ngumi, au Choi mtu mzima, mwenye jina na wanafunzi, akiwa mbele ya karani wa serikali anajaza fomu ya kuomba uraia wa nchi iliyomtawala baba yake.