Mmea ulioenea kote si lazima uwe umeshinda

Kila nikiona ramani iliyopakwa rangi kuonyesha mmea fulani unaota wapi, swali langu la kwanza ni jinsi unavyozaa. Je, ua lake husubiri chavua ya mmea mwingine, au hujichavusha lenyewe? Ukubwa wa eneo nauangalia baadaye, kwa sababu bila jibu la swali lile tunaweza kuuona mmea uko salama kumbe umebana matumizi tu.

Tazama jenasi ya Capsella, magugu madogo ya familia ya kabichi. Capsella grandiflora huikataa chavua yake yenyewe: stigma, sehemu ya ua inayopokea chavua, huitambua na kuizuia isirutubishe. Spishi hiyo imebaki hasa Albania na kaskazini-magharibi mwa Ugiriki. Jamaa yake wa karibu, Capsella rubella, alijitenga na ukoo huo chini ya miaka 200,000 iliyopita, akapoteza uwezo wa kujikataa, na petali zake zikawa ndogo mno. Huyo sasa ametapakaa kuizunguka Mediterania na kuvuka mpaka mabara mengine.

Mtaalamu wa mimea Herbert Baker alikwisha kueleza sababu mwaka 1955. Mbegu moja ikidondoka mahali pasipo na mwenzi wala mdudu wa kuleta chavua, mmea unaojichavusha utapata watoto, na ule unaotegemea mwenzi utakufa tasa. Mwaka 2015 mtafiti Dena Grossenbacher na wenzake walilinganisha spishi zenye undugu wa karibu kutoka makundi mbalimbali ya mimea. Kwa wastani, zinazojichavusha zilikuwa na maeneo makubwa zaidi.

Hawaii, hata hivyo, inavuruga hesabu, nami nafurahi kwamba inavuruga. Visiwa vile viko mbali na kila bara, kwa hiyo ungetarajia vijae mimea inayojitosheleza. Badala yake, karibu asilimia 15 ya spishi zake za asili zinazotoa maua zina mimea dume na mimea jike mbalimbali, ilhali kwa dunia nzima ni kama asilimia 6. Nionavyo, Baker alieleza nani ana nafasi nzuri ya kutia mguu. Yanayotokea baada ya wajukuu wa mgeni yule kuwa wengi ni habari nyingine, na hapo kuchanganya jeni kunaweza kurudi kuwa na faida.

Faida ya kujichavusha haiishii kwenye safari. Mtaalamu wa jenetiki Ronald Fisher alionyesha mwaka 1941 kwamba mmea wa aina hiyo huwa baba na mama wa mbegu zake, na bado unaweza kurutubisha mbegu za jirani. Jeni inayouwezesha hupitisha nakala tatu pale wenzake wanapopitisha mbili. Ukisikia hivyo utashangaa kwa nini mimea yote haijafuata njia hiyo. Breki ni udhaifu wa watoto: Darwin alijaza kitabu kizima mwaka 1876 kwa vipimo vya miche iliyotokana na ua kujichavusha, na mara nyingi ilikuwa mifupi na yenye mbegu chache kuliko ile ya wazazi wawili. Kuna breki nyingine, ya polepole zaidi. Katika familia ya nyanya na viazi, utafiti wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba koo zilizoacha kuikataa chavua yao hutoweka kwa kasi kuliko zilizoendelea kuikataa. Zinaenea haraka, kisha zinakatika. Ramani ya leo haiwezi kukuonyesha hilo.

Linalonisumbua zaidi ni kasi. Watafiti wa Ufaransa waliotesha mbegu za Viola arvensis, ua dogo la mashambani, zilizohifadhiwa tangu miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, pamoja na mbegu mpya kutoka maeneo yaleyale karibu na Paris. Maua ya sasa ni madogo kwa asilimia 10, yana mbochi (maji matamu yanayovuta wadudu) pungufu kwa asilimia 20, na hujichavusha zaidi. Huko kwenye ramani, doa la Viola halijasogea hata kidogo. Wadudu ndio wanaokuta meza tupu, nao wakipungua, ua linazidi kukosa sababu ya kuwaandalia chochote.

Vigezo vya Orodha Nyekundu ya IUCN, orodha ya kimataifa inayopima hatari ya spishi kutoweka, huangalia eneo, idadi na kasi ya kupungua, na kwa kazi vilivyokusudiwa havina ubaya. Lakini namna mmea unavyochavushwa si kigezo kimojawapo, na nadhani hilo ni pengo. Kipimo cha kwanza ni rahisi mno: funika chipukizi za maua kwa mfuko wa wavu kabla hazijachanua, kisha hesabu mbegu. Petali za vielelezo vikavu vya zamani nazo zinaweza kupimwa kwa rula. Mfuko, kwa kweli, unaeleza tu kama mmea unaweza kujichavusha ukiachwa peke yake. Kujua unafanya hivyo kwa kiasi gani porini kunahitaji kupima jeni za mama na za miche yake, kazi yenye gharama, na mimi ningeanza na spishi ambazo petali zake zimeonekana kupungua.