Mbona bei ya PS5 haishuki?

Kamalondo, mtaa wa hapa Lubumbashi, Kongo, kuna chumba cha michezo chenye karatasi ukutani: mechi moja, franka 500. Ndani mna PS4 tatu na PS3 moja iliyochoka, zote PlayStation, konsoli (mashine za michezo ya video) za Sony; maneti ya hiyo PS3, yaani kishikio cha kuchezea, imezungushiwa plasta nyeusi. Mwenye chumba anaweka akiba tangu mwaka juzi. "Kaka," aliniambia, "nilijua nikisubiri, PS5 itashuka. Mbona haishuki?"

Swali lake lina msingi, maana zamani mwenye kusubiri alipata. PS2 ilitoka Marekani mwaka 2000 kwa dola 299, na kufika 2009 ilikuwa dola 99. Sehemu kubwa ya safari hiyo ililetwa na ushindani. Mei 2002 Sony ilipoishusha hadi 199, Microsoft ilishusha konsoli yake, Xbox, hadi bei hiyohiyo siku iliyofuata, na Nintendo ikaiteremsha yake, GameCube, hadi 149. Miaka saba kabla, Los Angeles, kampuni ya Sega ilikuwa imetangaza kuwa konsoli yake, Saturn, itauzwa dola 399. Mtu wa Sony akapanda jukwaani, akataja "299", bei ya PlayStation ya kwanza, akashuka. Hata mwenye kiburi hunyooshwa: PS3 ilianza 2006 kwa dola 499 na 599, ikakuta Xbox 360 na Wii ya Nintendo zikiuzwa kwa bei ya chini, na 2009 ikawa 299. Hakuna serikali iliyoamuru hayo.

Kwa hiyo wanaosema ushindani ndio dawa hawakosei. Ila dawa hii ina gharama yake. Mara nyingi mashine huuzwa kwa hasara, kampuni ikitegemea kurudisha fedha kwenye michezo. Vita ya namna hiyo humfaa mwenye mfuko mrefu. Sega iliacha kutengeneza konsoli mwaka 2001, na tangu hapo soko kubwa limebaki mikononi mwa watatu walewale: Sony, Microsoft na Nintendo.

Mwaka 2025 wote watatu walipandisha bei Marekani. Xbox Series X iliyoanza kwa 499 ilifika 599 mwezi Mei, kisha 649 Oktoba. Agosti Nintendo ilipandisha Switch ya zamani, na PS5 ikatoka 499 hadi 549, karibu miaka mitano baada ya kuzaliwa. Sioni haja ya kudhani walikutana sirini. Ushuru wa Marekani na mfumuko wa bei viliwagusa wote. Tena Sony na Microsoft wote wanatumia chipu za kampuni moja, AMD, na chipu siku hizi hazishuki gharama kwa kasi ya enzi za PS2. Mzigo ukiwa mmoja, mshindani hana pa kukuzidi kwa bei.

Sasa turudi Kamalondo. Mashine inayofika hapa imepita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ndani ya lori, au imekuja na begi la mtu kutoka Dubai, na kila mkono ulioigusa umeongeza chake. Sony ikipunguza dola 50 huko, hapa zinaweza kumezwa njiani. Kinachotushushia bei sisi ni okazi: PS4 iliyotumika Ulaya, na CD inayonunuliwa leo, inachezwa mwezi mzima, kisha inauzwa kwa chumba kingine mtaa wa Katuba au mtaa wa Kenya, humuhumu Lubumbashi. Huo nao ni ushindani, na kampuni hazina faida ndani yake.

Ndiyo maana ninaihofia PS5 isiyo na tundu la CD. Ilipotoka 2020 ilikuwa dola 399, mia moja pungufu ya mwenzake, na kwa anayeishi penye intaneti ya bei nafuu hiyo ni nafuu ya kweli, siwezi kumlaumu. Kwetu, mchezo mmoja wa makumi ya gigabaiti unakula mega za wiki nyingi, na ukiuchoka huwezi kumuuzia mtu. Bila tundu hilo unabaki na duka moja tu, la aliyekuuzia mashine, na hapo hana wa kushindana naye.

Nilimwambia mwenye chumba asisubiri bei ishuke, na asidanganyike na ile ya bei ndogo isiyo na tundu. Akipata okazi yenye tundu la CD, aichukue. Akavuta droo, akanionyesha CD zake kumi na moja, kila moja na jina la aliyemuuzia limeandikwa kwa bik kwenye jalada.