Njano na nyekundu kwenye mbio moja

Kila uchaguzi ukiisha kuna watu husema tukimbie pamoja, tupande milima pamoja, hasira zitapoa. Mimi nakubali, ila nusu tu.

Cheki vile vikundi vya joging hapa Kampala, Jumapili alfajiri, filimbi mbele, watu wanaimba, taksi bado hazijajaa barabarani. Humo kuna mtu wa NRM, chama tawala, wale wa njano, na mtu wa NUP, chama cha upinzani, wale wa nyekundu, na hakuna anayeuliza kura. Mkipanda kilima cha Kololo mmoja akabanwa na misuli, mwenzake anamkalisha pembeni, anamnyoosha mguu, anampa maji kwenye chupa ileile aliyokuwa anakunywa yeye. Sasa mtu kakufanyia hivyo asubuhi, jioni utaingiaje WhatsApp umwite msaliti? Kuhusu Mzee Museveni, aliyeko madarakani tangu 1986, bado hamjakubaliana hata kidogo, lakini unamjua, unajua watoto wake, na siku mtaani kukichafuka yeye ndo atakupigia akwambie usipite njia ile kuna mabomu ya machozi. Kwangu hiyo inashinda midahalo yote ya redio.

Lakini tusijidanganye, hapa kwetu hata kutembea kumewahi kuwa kesi. 2011 upinzani uliitisha Walk to Work, watu waende kazini kwa miguu kupinga bei ya mafuta na chakula, na Besigye, kiongozi wa upinzani wakati huo, akakamatwa akiwa anatembea tu. 2019 bereti nyekundu, alama ya wafuasi wa Bobi Wine wa upinzani, ikatangazwa kuwa vazi la jeshi. Kwa hiyo ukimwambia kijana wa upinzani aje mbioni bila rangi yake atakuuliza, huyo wa njano nani amewahi kumsumbua kwa fulana yake? Ana haki kabisa kuuliza. Bado nasema rangi zibaki nyumbani, ila tukiri kwamba mmoja anaacha fulana tu na mwingine anaacha kitu alichopigiwa.

Halafu Kasese, kule magharibi mwa Uganda. Novemba 2016 watu zaidi ya 100 waliuawa kwenye mapigano ya vyombo vya usalama na walinzi wa mfalme wa jadi, yaliyoishia kwenye ikulu yake ya Rwenzururu. Tangu 2022 kuna Rwenzori Marathon pale, wageni wanajaa, mwenye gesti na mama wa chakula wanapata, na hilo ni jema. Ila mkimbiaji aliyetoka Kampala anarudi na medali yake, na aliyefiwa bado anataka aambiwe nani alitoa amri, na hilo ni la mahakama, mbio haziwezi kulijibu hata zikimbiwe miaka ishirini.

Na boda boda wengi Jumapili wako kazini, hawako mbioni, hao nao tusiwasahau.

Mi bado niko upande wa mbio. Ombi langu ni kwa wanasiasa, mheshimiwa akitaka aje, karibu sana, avae kaptula, alipe kiingilio kama sisi, ila zile fulana zenye picha yake aziache kwenye gari.