Halina Shida Hata Kidogo

Gari langu limekufa, na hata kulizika sikuruhusiwa. Watu wa bima walikuja na lori la kuvuta, wakalipandisha pua chini, mlango mmoja wazi kama mdomo wa marehemu aliyekatizwa katikati ya sentensi. Nikabaki nimeshika funguo. Kesho yake wakapiga simu: funguo nazo wanazitaka.

Ajali yenyewe ilikuwa ya kijinga. Nimesimama kwenye taa nyekundu, raia mwema, mikono yote miwili kwenye usukani, mara lori likanisukuma kwa nyuma mpaka kwenye nguzo. Puto la usukani likanizaba kofi hata sijamaliza kumwita Mungu. Wanasema puto hilo hujaa kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Nathibitisha, maana macho yangu yalikuwa bado yametoka pima. Nilitoka mzima bila hata mchubuko, na tangu siku hiyo namwombea dua Nils Bohlin, yule Mswidi wa Volvo aliyebuni mkanda wa pointi tatu mwaka 1959, tena kampuni yake ikaacha wenzake waige bure.

Mimi mzima, basi, gari ndilo mahututi. Lakini kwa macho yangu halikuwa limeumia kiasi hicho. Boneti limekunjamana, buti limeingia ndani kidogo, taa moja inaning'inia kwa waya. Nikasema fundi wa kunyoosha bodi atalimaliza wiki moja, rangi wiki ya pili. Mtathmini wa bima akaja na simu yake, akalizunguka mara mbili, akapiga picha, hakugusa hata tairi.

"Hili haliendi gereji, mzee."

"Kwa nini? Injini inawaka!"

Akanipigia hesabu. Maputo yakishafyatuka hayakunjwi yakarudishwa kama shati begini, yananunuliwa mapya. Kompyuta inayoyaamrisha, mpya. Mikanda iliyojikaza, mipya. Dashibodi iliyopasuka puto likitoka, mpya. Hapo hajaingia kwenye fremu iliyopinda. Jumla yake inakaribia bei ya gari zima, kwa hiyo kwa bima hilo gari limekufa. Limekufa kwa hesabu! Mimi nalisikia linanguruma, yeye anaandika cheti cha kifo.

Kisha tukafika kwenye thamani. Mwaka mzima ukilipa ada ya bima gari lako ni mali. Siku ya kulipwa wewe, gari lile lile ni jambo la kusikitisha. Wanaita thamani ya soko, maana yake si bei uliyonunulia wala si mapenzi uliyoweka, ni kiasi ambacho mtu angekupa dakika moja kabla ya lile lori kutokea. Halafu humo wanatoa ile sehemu ya hasara ambayo mkataba unasema utaibeba mwenyewe. Mkataba niliusaini, ndiyo. Nani anausoma?

Nikaandika barua ya kupinga, kurasa mbili. Niliandika kwa uchungu. Nilisema gari limetunzwa na mtu mmoja mwangalifu, injini imetulia, gia laini kama hariri, limekwenda safari chache tena za karibu, na halina shida hata kidogo. Mke wangu akaisoma mpaka mwisho, akavua miwani.

"Baba Zawadi, hili ni gari gani?"

"Letu."

"Lile ambalo kioo cha dereva hakishuki?"

Ni kweli, kioo kilikuwa hakishuki. Miaka minne, kila nikifika getini nilikuwa nafungua mlango mzima kumsalimia mlinzi, kama balozi anayeshuka. Na kulikuwa na sauti chini ya mguu wa kulia, krr, krr, kila ukipanda tuta, ambayo tuliitibu kwa kuongeza redio. Lakini hayo ni mambo ya ndani ya nyumba. Mtu hasemi vibaya juu ya marehemu, hasa kama atalipwa kwa ajili yake.

Kwenye barua yangu yote, bima hawakujibu hata sifa moja. Walichotazama ni risiti za gereji nilizoambatisha, na matangazo matatu ya magari ya aina ile, umri ule, kilomita zile, yaliyokuwa yanauzwa wakati huo. Wakaongeza kidogo, kiasi cha kumnyamazisha mtu. Nikanyamaza.

Ndipo nikaingia sokoni kutafuta gari jingine, na kila muuzaji niliyempigia alikuwa ameisoma barua yangu.

"Halina shida hata kidogo, bosi."

Wote! Neno kwa neno! Limetunzwa na mtu mmoja. Injini imetulia. Safari za karibu tu. Sijui hao watu waangalifu wanaoishi karibu na kila kitu wanakaa wapi, na kwa nini wote wanauza.

Fundi wangu, ambaye amenihudumia miaka mingi na anajua machozi yangu yote, alinipa sharti moja kabla sijatoka: fika bila kutarajiwa, shika boneti. Gari baridi ndilo husema ukweli. Gari la kwanza nikafika, nikaweka kiganja kwenye boneti, nikakiondoa haraka.

"Nimelipasha kidogo," akasema muuzaji, "lisikusumbue kuwaka."

Tukakaa tukisubiri lipoe. Saa nzima na nusu, mimi na mtu nisiyemjua, hatuna la kuzungumza, tunatazama gari linavyopoa kama wazee wanaotazama mvua. Likapoa. Akaliwasha. Moshi wa bluu ukatufunika sote wawili. Bluu ni oili inaungua ndani. Ukiwa mweusi, linakunywa mafuta kupita kiasi. Ukiwa mweupe usiokatika hata injini ikipata moto, wenye harufu tamutamu, maji ya rejeta yameingia yasikotakiwa, na hapo unaaga kwa heshima. "Ni vumbi tu hilo," ikaniambia sauti yake kutoka ndani ya wingu.

La pili lilikuwa na umri wa miaka 12, na dashibodi inasoma kilomita 42,000. Nikapiga hesabu pale pale: si hata kilomita 10 kwa siku. Yaani mtu alikuwa analitoa asubuhi kulionyesha jua, analirudisha. Haya, inawezekana. Lakini mpira wa pedali ya breki ulikuwa umelika mpaka chuma kinachungulia, usukani unang'aa kama upara, na kiti cha dereva kimebonyea umbo kamili la mtu mnene. Kilomita zinarudishwa nyuma kwa kompyuta siku hizi. Kiti bado hawajapata programu yake.

La tatu ndilo lililonidhalilisha. Nilikuwa nimesoma kwamba sumaku ndogo ukiifunga kitambaa na kuipitisha kwenye bodi, penye chuma itashika, penye puti, ule udongo wa kujazia palipobonyea kabla ya rangi, itaanguka. Nikang'oa moja mlangoni kwenye friji, nikaenda nayo mfukoni. Nikaanza na bampa. Sumaku ikaanguka chini. Nikapaza sauti: "Mmeona? Puti!" Watu wakageuka. Muuzaji akaniangalia kwa huruma.

"Bosi, bampa ni plastiki."

Ningeweza kuondoka. Lakini nikameza aibu, nikahamia kwenye bawa la mbele, lile bati la juu ya gurudumu, ambalo lilikuwa la chuma kama mlango wake. Mlangoni ilishika. Bawani ikaanguka. Nikaiokota, nikaibandika, ikaanguka. Nikainama nikafungua boneti, na bolti za lile bawa zilikuwa zimechubuka rangi kwenye kingo, dalili ya spana kupita hapo.

"Basi hiyo sumaku yako ni mbovu," akasema.

Kuna jingine lilinukia manukato mpaka macho yakaniwasha. Mkanda wa kiti nikauvuta, ukatoka, ukatoka, mita ya mwisho ikaja na mstari wa tope kavu. Lilikuwa limezama mafurikoni. Sikusema neno, nikauachia mkanda urudi taratibu, nikarudi zangu nyumbani.

Kufikia wiki ya tatu nilikuwa nimeharibika. Nililala kifudifudi kwenye kokoto na tochi nikilinganisha namba ya chesisi na ile ya kwenye kadi, herufi na tarakimu 17, nikijua kwamba humo hamna herufi I, O wala Q kwa sababu zinafanana na 1 na 0. Nilisoma tairi za magari ya watu barabarani: zile tarakimu nne za mwisho ubavuni, 3516, yaani wiki ya 35 mwaka 2016. Nilimwambia jirani yangu tairi lake la akiba lina umri wa kupata kitambulisho. Hanisalimii tena.

Na tusisahau, marehemu wangu naye yuko huko nje. Mabaki ni mali ya bima, wanayauza. Kuna fundi mahali fulani anamnyoosha, anampaka, na kuna mtu anaambiwa sasa hivi kwamba halina shida hata kidogo. Kila nikiona gari la rangi ile namtazama dereva akifika getini. Akifungua mlango mzima, moyo unaruka.

Shemeji yangu, aliyesoma uchumi na hajawahi kutusamehe kwa hilo, akaja kunifariji. Akasema kuna Mmarekani, George Akerlof, aliyeandika juu ya magari yaliyotumika mwaka 1970. Kwamba mnunuzi hawezi kutofautisha zima na bovu, hivyo anatoa bei ya katikati. Mwenye gari zima anaona anaonewa, analirudisha nyumbani. Mwenye bovu anashangilia. Sokoni wanabaki wenye mabovu. Mwaka 2001 yule bwana akapata Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili.

"Na yeye hatimaye alinunua gari gani?" nikamwuliza.

Hakujua. Ndiyo maana wasomi hawanisaidii.

Lile nililonunua nililipata kwa mama mmoja mtu mzima, ambaye alipofungua mlango alikuwa ameshika karatasi. Nikadhani ni bei. Akavaa miwani, akaanza kunisomea, kama katibu wa mkutano. Kiyoyozi hakipozi. Mlango wa nyuma kushoto unafunguka kwa nje tu. Bushi za mbele zinagonga. Lilikwaruzwa ubavu na mwanawe, aliyefundishwa kuendesha na baba yake, ambaye naye hajui. Mkanda wa taiming hakumbuki ulibadilishwa lini.

"Ndiyo hayo tu, mwanangu," akasema, akakunja karatasi.

Nikaingiwa na hofu kuliko siku zote. Mtu anayesema ukweli mwingi namna hii anaficha nini? Nikamleta fundi. Akaingia chini, akatoka. Akafungua kifuniko cha oili kuangalia kama kuna ute mweupe wa maji, hakuna. Akachomeka mashine yake ya kusoma hitilafu, akasubiri. Tukalizungusha usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho, kusikiliza kama ekseli zinalia. Kila muuzaji mwingine, tukianza tu kuondoka, alikuwa anawasha redio kwa nguvu, "usikie mziki wake, bosi", nami naizima, naye anaiwasha. Mama huyu alikaa nyuma kimya, ameshika mkoba.

"Bosi," akasema fundi akifuta mikono, "lina shida zile zile alizokusomea."

Karibu nikasirike. Wiki tatu za ujuzi, tochi, sumaku, na hakuna wa kumkamata. Nikabishana bei kwa kutumia karatasi yake mwenyewe, jambo ambalo sijivunii, nikalipa, akanipa kadi, funguo mbili na ile karatasi, "usije ukasahau".

Jioni nikampakia mke wangu turudi nyumbani. Nilishusha kioo cha dereva. Kikashuka. Nikakipandisha, nikakishusha tena, mpaka akaniambia inatosha. Hakika tulikuwa tunakwenda vizuri, upepo unaingia, yeye amekunja ile karatasi ya mama pajani anaisoma kimoyomoyo. Tukapanda tuta la kwanza, bushi zikagonga kama ilivyoandikwa. Tukapanda la pili, zikagonga tena. Kwenye la tatu, chini kabisa ya mguu wangu wa kulia, ikaanza.

Krr, krr.

Mke wangu akaipekua karatasi nyuma na mbele. Akageuza shingo polepole.

"Baba Zawadi, umesikia hiyo?"

"Ipi?" nikasema, na mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye redio.